Tulimtafuta Bosco Katika Vitabu



Wengi mumetuuliza sababu gani gitare ya mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu ilifungwa katika kabati ya surveyani siku kumi na moja, kisha ikarudishwa na kapita mwenyewe, wakati wa mapumziko, mbele ya watu wote. Wengine mulisema tulihongwa. Hatukuhongwa. Tunataka kueleza habari yote kama ilivyokuwa, na habari hii inaanza na kitabu.

Mwanzo wa mwaka wa masomo, mwenzetu mmoja alirudi na kitabu kikubwa alichopewa na yaya yake anayefanya kazi Johannesburg. Kimeandikwa na Mark Lewisohn, kilitoka mwaka 1988, katika Kiingereza. Ni juu ya Beatles, wale vijana wanne wa Liverpool wa muziki ya rock. Lakini si hadithi. Ni kitabu cha kutafutia maneno, kama diksionere. Kinahesabu siku kwa siku, toka 1962 mpaka 1970, kila mara walipoingia katika studio ya Abbey Road kule London: siku gani, saa ngapi, wimbo gani, waliurudia mara ngapi, nani alikuwa kwenye mashini. Mutu akibisha juu ya wimbo moja, unafungua ukurasa, mabishano yanakwisha. Tulikipenda sana. Usiku mmoja tulisahau hata kengele ya chakula.

Mwanafunzi yule wa darasa la tatu alikuwa amesimama nyuma yetu, anaangalia picha. Akauliza: «Na ya Bosco iko wapi?»

Tulicheka. Halafu tukanyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu.

Kwa wadogo wetu wasiojua: Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Bayeke, ule wa mfalme Msiri. Alipiga gitare kavu, bila umeme, kwa kidole gumba na kidole kinachokifuata tu, na mutu anayesikia bila kuona anafikiri ni gitare mbili. Mara nyingi aliimba Kiswahili chetu, si kile cha vitabu. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na motokari na mashini ya kurekodi, alimkuta anapita na gitare yake barabarani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Akamrekodi. Wimbo wa Masanga ukapata zawadi ya Osborn kama muziki bora ya Afrika ya mwaka ule. Kampani ya Gallo ikauza disiki zake mbali sana. Nairobi walimsikia, na yeye mwenyewe alikwenda kule akaimba katika matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana wa Kenya wakaanza kupiga gitare kwa vidole kama yeye. Mwaka 1969 alipiga Newport kule Marekani. Alikufa mwaka 1990 katika inchi ya Zambia, kwa ajali ya motokari.

Wengine watasema: Bosco si rock. Kweli, hakuwa na umeme wala ngoma kubwa nyuma yake. Lakini mwaka ule wa Masanga, John Lennon alikuwa mtoto wa miaka 11. Kama huyu wa kwao ameandikiwa mpaka saa aliyokohoa katika studio, na wa kwetu je?

Basi tukafanya kundi la watu watano: wanne wa klabu ya biblioteki na sisi kapita. (Tunasema «sisi» kwa sababu kazi ni ya wote watano. Lakini kosa mutakalosoma hapa chini ni la kapita peke yake, wengine wasilaumiwe.) Tukanunua farde moja ya rangi ya kijani. Tuliamua kwamba kabla ya Egzamini ya Serikali farde hii itakuwa kitabu cha Bosco: maisha, nyimbo, tarehe, yote kwa mpango, kama kile cha Beatles.

Tulianza hapa hapa katika biblioteki yetu. Tukafungua Larousse. Jean Bosco tulimkuta, lakini ni yule mtakatifu wa Wakatoliki, padri wa Italia. Mwalimu wa dini alicheka sana.

Ugumu wa kwanza ni majina. Beatles unawatafuta katika herufi moja, na London ni London sikuzote. Wetu huyu, vitabu vingine vinamwita Jean Bosco Mwenda, vingine Mwenda Jean Bosco, na tangu wakati wa authenticité, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, mwaka 1972, anaitwa Mwenda wa Bayeke. Ukitafuta jina moja, unakosa nusu ya habari. Na pahali vilevile. Mji wake wa kazi unatafutwa Jadotville mpaka 1966, kisha Likasi. Wa kwetu unatafutwa Elisabethville, kisha Lubumbashi. Jimbo ni Katanga, halafu toka 1971 ni Shaba, halafu toka 1997 ni Katanga tena, halafu toka 2015 ni Haut-Katanga. Hata inchi yenyewe ilikuwa Zaïre kwa miaka 26. Nyumba haikuhama, ni anwani tu njo ilikuwa inahama. Tulitumia siku mbili za yenga kuandika majina haya yote kwenye karatasi ya kwanza ya farde, na tunafikiri ndiyo karatasi yenye faida kuliko zote. Anayetaka kutafuta mutu yeyote wa zamani wa hapa kwetu aanze nayo.

Ugumu wa pili ni mbali. Mwalimu wa Kiingereza alitusaidia, alitutolea kwa intaneti maandiko ya David Rycroft, mwalimu wa London, yaliyotoka mwaka 1961 na 1962 katika gazeti linaloitwa African Music. Tracey na wenzake walilianzisha mwaka 1954. Rycroft alisikiliza disiki za Bosco, akaandika kila noti, kidole gumba chini, kidole cha pili juu. Sisi hatusomi noti zile. Mwalimu wa kwaya anasoma do re mi ya herufi, si ile ya mistari mitano. Tukaita yule kijana wa darasa la tatu na gitare yake. Yeye hasomi kitu, lakini Masanga anaipiga, alifundishwa na kambo yake. Akapiga polepole, na mwalimu wa kwaya akafuata kwenye karatasi na kalamu ya risasi, kama mutu anayefuata nyayo kwenye njia yenye majani. Mara mwalimu anasema: «Ndiyo, ndiyo, imeandikwa hivyo.» Mara anasema: «Hapa umekosa.» Kijana akajibu: «Hapana Mwalimu, kambo njo anapigaka vile.» Wakabishana. Mwisho mwalimu akatazama kichwa cha maandiko, akaona kwamba Rycroft mwenyewe aliyaita maandiko juu ya kubuni kwa Bosco, maana Bosco hakupiga mara mbili sawasawa. Wakacheka wote wawili. Siku ile ilikuwa nzuri. Tunaikumbuka kwa sababu ya ile iliyofuata.

Tukaendelea. Tuliona jina la kitabu cha John Low, mpiga gitare kutoka Uingereza, aliyekuja hapa Shaba kutafuta wapiga gitare wa zamani, Bosco na ndugu yake Edouard Masengo na Losta Abelo. Kilitoka Vienna mwaka 1982. Jina tumeliona, kitabu chenyewe hatujakigusa. Tukaona kile cha Bogumil Jewsiewicki juu ya muziki ya miji ya Katanga, kilichotoka Paris mwaka 2003, katika Kifaransa. Na katika kutafuta, tukakuta kingine ambacho si cha muziki, lakini kilitugusa kabisa. Mwaka 1965, hapa mjini, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa jina la chama cha watu waliofanya kazi ya boyi katika nyumba za wazungu. Aliiandika katika Kiswahili cha hapa, bila haya. Haikuchapwa kwa mashini kubwa. Iliandikwa kwa taipu na kutolewa kwa stensili, kama bulletin hii munayoshika mikononi! Mwaka 1990 profesa Johannes Fabian akaitoa tena Amsterdam, kitabu kizima na maelezo. Tulisoma sehemu kwa sauti katika nyumba ya kulala. Ni kama kusikia kambo anasema.

Mmoja wetu aliweka alama nyekundu kwenye karte ya ulimwengu, kila pahali kitabu ao maandiko juu ya Bosco ao juu ya mji wetu yalipotoka. London, Vienna, Paris, Amsterdam, Afrika ya Kusini. Likasi hakuna alama. Bunkeya hakuna.

Hapo ndipo kijana yule akasema kambo yake, anayekaa Katuba, alikuwapo siku Tracey alipomrekodi Bosco.

Munaweza kufikiri furaha yetu. Mutu aliyekuwapo! Siku ya posho tukaenda kwa miguu mpaka Katuba, watu sita, na kaye mpya. Muzee alitupokea vizuri, mama akatuletea maji na karanga. Akatueleza kila kitu. Alisema: «Nilionaka na macho yangu. Ule muzungu alisimamisha motokari pale ku kantini. Akamuambia Bosco: piga. Akapiga. Akamuambia: piga tena. Batu bakajaa mu barabara mpaka basikari bakakuya.» Alieleza rangi ya motokari, kofia ya mzungu, hata mwanamke aliyekuwa anauza samaki pale karibu na aliyekataa kunyamaza. Tuliandika kurasa nane. Tukarudi tunaimba.

Kisha tulianza kuweka tarehe, kama Lewisohn. Kwa kila shahidi tulitaka jina, mwaka wa kuzaliwa na kazi yake. Mwaka wa kuzaliwa tulikuwa tumeuandika kutoka kwenye karte yake ya mchaguzi, mama alituletea mwenyewe ili tuandike jina vizuri. Ilisema 1947.

Mwaka 1952 alikuwa na miaka mitano.

Mtoto wa miaka mitano anaweza kuona motokari. Lakini muzee alisema kwamba siku ile alikuwa anatoka kazini, na kwamba alimshikia Bosco kofia yake. Tulihesabu mara mbili, mara tatu. Haiwezekani.

Hapa tunafika kwenye kosa. Katika mkutano wa klabu, mbele ya wote, na wa darasa la kwanza walikuwapo, sisi kapita tulisimama tukasema: kurasa hizi nane tutazitoa katika farde, kwa sababu kambo huyu anadanganya. Tulitumia neno lile. Tulifikiri tunalinda kweli. Tulikuwa tumejaa kitabu cha Beatles mpaka shingoni.

Kijana alisimama. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Weye kapita, bitabu yote unajua, lakini kambo yangu haumuyue.» Akatoka.

Usiku ule, nyuma ya kengele ya kulala, gitare ikasikika katika nyumba ya kulala ya darasa la tatu. Masanga. Sheria iko wazi, hakuna muziki nyuma ya kengele, na kazi ya kapita ni kuishika. Tukaenda, tukachukua gitare, tukaipeleka kwa surveyani. Sasa semeni kweli, ninyi wanafunzi: mara ngapi munapiga redio nyuma ya kengele, na kapita anapita anajifanya hasikii? Mara nyingi. Usiku ule tulisikia kwa sababu tulitaka kusikia. Hilo hatukulieleza kwa surveyani. Tunalieleza leo.

Siku nyingi zilipita. Kijana hakutusalimu tena. Ndugu zake wa darasa hawakutusalimu. Farde ilikaa juu ya meza ya biblioteki, na katikati yake kulikuwa nafasi tupu ya kurasa nane. Hata wale wanne wa klabu walianza kupata kazi nyingine kila siku ya posho.

Aliyetusaidia ni mwalimu wa historia. Hakutugombeza. Alisoma kurasa nane zile zote, akakaa kimya, akatuuliza: «Mulimuuliza nani alikuwa pale pamoja naye?» Tukasema hapana, tulimuuliza aliona nini tu. Akatueleza kwamba katika Universite ya Lubumbashi, profesa Dibwe dia Mwembu na wenzake wanakusanya maneno ya wazee wa mji huu kwa miaka mingi sasa, na kwamba muzee hasemi kama rejista ya parokia. Unatakiwa kujua ni kinywa cha nani kinachosema ndani ya kinywa chake. Akasema: rudini.

Tulirudi peke yetu, kapita bila kundi. Njiani tulipanga maneno ya kuomba musamaha, na tulipofika yote yalipotea. Muzee alikuwa amekaa chini ya muembe, anatengeneza kiti. Hatukutaja miaka wala karte. Tukamuuliza tu: «Kambo, siku ile ya Bosco, nani wa kwenu alikuwa pale?»

Akaweka nyundo chini. Akatutazama kitambo.

«Yaya yangu njo alikuwaka pale. Alikuwa anatumika ku Shituru. Miye nilikuwa mutoto, nilikuwa ku nyumba na mama. Yaya alinielezeaka ile habari kila siku ya posho, kila siku ya posho, mpaka ikakuwa yangu. Kisha alikufwa. Hana mutoto, hana picha, hana kitu. Sasa miye nikiikala kimya, nani atamusemea?»

Tuliandika maneno hayo kama alivyoyasema, hatukuyasahihisha. Yako katika farde. Kofia ya Bosco aliishika yaya. Gitare, yaya alimfundisha mdogo wake, na yule akamfundisha mjukuu, na mjukuu anaipiga katika nyumba yetu ya kulala nyuma ya kengele. Kwa hiyo ile pahali ambapo mwalimu wa kwaya alisema «umekosa», labda ni kidole cha mutu aliyesimama barabarani Jadotville akaangalia mkono wa Bosco mwenyewe. Labda. Katika farde tumeandika «labda».

Tulipotaka kuondoka, tukamwambia neno tulilolitumia juu yake mbele ya watoto. Ilikuwa vigumu sana. Muzee akaokota nyundo yake. Akasema: «Uliisema mbele ya batu, utaitosha mbele ya batu.» Ndiyo sababu ya mapumziko ile mulioona. Surveyani alitupatia ufunguo wa kabati bila kuuliza sana. Kamba moja ya gitare ilikuwa imekatika, tuliilipa.

Sasa kurasa nane zimerudi, na juu yake tumeandika: habari ya kaka, imesemwa na mdogo wake aliyezaliwa 1947. Karibu na hizo tumeweka maneno machache ya Tracey juu ya kukutana barabarani. Yanapopatana tumeweka alama ya wino wa bluu, yasipopatana wino mwekundu, na hatukufuta upande wowote. Samaki na yule mama aliyekataa kunyamaza hawako katika kitabu chochote cha Vienna wala London. Tumewaacha.

Kitabu kama cha Beatles hakikutoka, na sisi wa darasa la mwisho tunaondoka mwaka huu. Nyimbo ambazo tuna uhakika wa mwaka wake ni chache. Juu ya maisha yake katikati ya 1969 na 1990 tuna karatasi mbili tu. Farde ya kijani iko katika biblioteki, kabati la pili, chini ya diksionere. Kijana wa darasa la tatu njo ataishika mwaka kesho, amekubali. Wenye kambo ao nyanya waliokaa Likasi, Kambove ao Bunkeya zamani, wamwone yeye kabla ya vakansi ya Pasaka. Waende na kaye, na waulize kwanza nani alikuwa pale.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho